Bunge la Uskoti na umiliki wa ardhi wa jamii

Bunge la Uskoti ni chombo cha kutunga sheria cha Uskoti, mojawapo ya nchi nne zinazounda Ufalme wa Muungano. Lina wabunge 129 na makao yake yako Holyrood, katika mji wa Edinburgh. Ni bunge la ugatuzi: madaraka yake yalitolewa kwa sheria ya mwaka 1998 na Bunge la Ufalme wa Muungano lililoko Westminster, London. Ulinzi, mambo ya nje, sarafu na uhamiaji vilibaki London. Elimu, afya, makazi, sheria za jinai na ardhi huamuliwa Edinburgh.

Kati ya hayo yote, ardhi ni jambo ambalo bunge hilo lililishika mapema na limelirudia mara nyingi. Mwaka 2003 lilipitisha sheria iliyowapa wakazi wa vijijini haki ya kununua kwa pamoja ardhi wanayoishi juu yake, na mwaka 2015 likaongeza miji na majengo ya umma. Makala hii inaeleza jinsi siku ya kazi bungeni inavyokwenda, na jinsi umiliki wa jamii ulivyopata nafasi katika siku hizo.

Kuanzishwa kwa bunge

Uskoti ilikuwa na bunge lake hadi mwaka 1707, ilipoungana na England na bunge hilo likafungwa. Kwa karibu miaka 300 sheria za Uskoti zilitungwa London. Uskoti ilibaki na mahakama zake na sheria zake za ardhi, lakini kila badiliko lililazimika kusubiri nafasi katika ratiba ya Westminster, ambako wabunge wa Uskoti walikuwa wachache na mambo mengine yalikuwa mengi. Hiyo ni sababu moja ya mfumo wa ardhi wa kikabaila kudumu Uskoti hadi mwisho wa karne ya 20.

Katika kura ya maoni ya tarehe 11 Septemba 1997, asilimia 74.3 ya waliopiga kura waliunga mkono kuanzishwa kwa bunge. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 6 Mei 1999, wabunge wakakutana mara ya kwanza tarehe 12 Mei, na tarehe 1 Julai mwaka huo madaraka yakahamia Edinburgh rasmi. Miaka ya mwanzo bunge lilikutana katika ukumbi wa kukodi wa Kanisa la Uskoti. Jengo la Holyrood, lililobuniwa na msanifu Enric Miralles kutoka Katalunya, lilifunguliwa Oktoba 2004. Gharama yake ilifika takriban pauni milioni 414, mara nyingi zaidi ya makadirio ya kwanza, na watu wa Edinburgh bado wanaizungumzia.

Wabunge 73 huchaguliwa katika majimbo na 56 katika kanda nane, kila kanda wabunge saba. Kura za kanda hugawanywa ili idadi ya viti vya kila chama ikaribie uwiano wa kura zake. Kwa hiyo ni vigumu kwa chama kimoja kupata wingi peke yake, na serikali mara nyingi hulazimika kutafuta kura za wengine kabla ya kuleta jambo mezani.

Siku ya kazi

Bunge zima hukutana Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Jumatatu na Ijumaa ni siku za wabunge kuwa majimboni. Asubuhi za siku za vikao hutumiwa zaidi na kamati, na mchana ni wa ukumbi mkuu. Ratiba hupangwa na ofisi inayoongozwa na Spika, ambamo kila chama chenye wabunge watano au zaidi huwa na mwakilishi. Ratiba hiyo huletwa bungeni kama hoja na kupigiwa kura, kwa hiyo hata mpangilio wa siku ni uamuzi wa bunge lenyewe. Spika akishachaguliwa huacha uanachama wa chama chake.

Jumanne saa 8 mchana kikao hufunguliwa kwa dakika chache za tafakari. Mgeni husimama na kusema neno: padri, shehe, rabi, mchungaji, mara nyingine mtu asiye na dini au mwanafunzi. Baadaye huja maswali ya mambo yaliyotokea siku hizo, taarifa za mawaziri na mijadala. Jumatano mchana ni zamu ya wizara mojamoja kujibu maswali. Alhamisi saa 6 mchana huwa na maswali kwa Waziri wa Kwanza, ambaye ndiye kiongozi wa serikali ya Uskoti. Hii ndiyo sehemu inayoonyeshwa katika habari za jioni, na wageni wengi hudhani kwamba bunge zima ndivyo lilivyo. Kazi nzito, hata hivyo, hufanyika kwenye kamati, ambako wabunge wachache hukaa kuzunguka meza na kuwahoji mawaziri, wataalamu na wananchi wa kawaida. Kamati inaweza kusafiri. Kwa sheria za ardhi, kamati zimekwenda kusikiliza watu visiwani na nyanda za juu badala ya kuwangoja Edinburgh.

Mswada hupita hatua tatu. Katika hatua ya kwanza kamati huchunguza wazo lake na kuandika ripoti, kisha bunge huamua kama wazo hilo likubaliwe. Katika hatua ya pili kamati hupitia kifungu kwa kifungu na kurekebisha. Katika hatua ya tatu wabunge wote huweza kuleta marekebisho, na mwishoni hupigwa kura ya kupitisha au kukataa. Mswada uliopita hungoja wiki nne, muda ambao wanasheria wa serikali wanaweza kuupeleka Mahakama Kuu ya Ufalme wa Muungano wakiona umevuka mipaka ya madaraka ya bunge. Usipopingwa hupelekwa kwa mfalme au malkia kutiwa saini. Tofauti na Westminster, hapa hakuna nyumba ya pili ya kuupitia mswada upya, na kosa lililopita hatua ya tatu husahihishwa kwa sheria nyingine tu.

Saa 11 jioni, kwa kawaida, hufika wakati wa uamuzi. Kura za siku nzima hukusanywa hapo. Kila mbunge ana kitufe cha ndiyo, hapana au kutoegemea upande, na majibu hutangazwa papo hapo. Kura zikilingana Spika hupiga kura ya kuamua, kwa desturi akilinda hali iliyopo. Mpango huu ulikusudiwa kuwawezesha wabunge wenye watoto kurudi nyumbani mapema, ingawa wakati wa miswada mirefu saa hiyo husogezwa hadi usiku.

Baada ya kura wabunge wengi hutoka, na wachache hubaki kwa mjadala wa mbunge mmoja. Mjadala huu hauna kura. Hapa mtu wa kisiwa cha mbali huweza kuzungumzia feri iliyoharibika, au wa mjini kuzungumzia jengo la zamani linalobomoka, na waziri analazimika kusimama na kujibu. Mambo kadhaa yaliyokuja kuwa sheria yalianza katika saa hii ya viti vitupu. Njia nyingine ni ombi la wananchi: mtu yeyote anaweza kuandikia kamati ya maombi, na sahihi yake mwenyewe inatosha.

Ardhi ilikuwa ya nani

Ili kuelewa kwa nini ardhi ilipewa nafasi mapema hivyo, ni lazima kutazama ramani ya umiliki. Uskoti ina watu zaidi ya milioni 5, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kwamba nusu ya ardhi binafsi ya vijijini ilikuwa mikononi mwa wamiliki 432 tu. Shamba moja la kabaila linaweza kuwa na vijiji ndani yake, pamoja na shule, gati na makaburi. Katika karne za 18 na 19 maelfu ya familia za nyanda za juu na visiwani zilifukuzwa ili kondoo wapate malisho. Wengi walihamia Kanada, Marekani na Australia. Waliobaki walisukumwa kwenye vipande vidogo vya pwani vinavyoitwa krofti. Sheria ya mwaka 1886 iliwapa wakulima wa krofti usalama wa kutofukuzwa ovyo, lakini mwenye ardhi alibaki yuleyule.

Mwaka 1923 Lord Leverhulme, mfanyabiashara wa sabuni aliyekuwa amenunua kisiwa cha Lewis, alitoa ardhi ya eneo la Stornoway kwa wakazi, na bodi wanayoichagua inaisimamia hadi leo. Hiyo ilikuwa zawadi. Tukio lililobadilisha mawazo lilitokea Assynt, kaskazini-magharibi. Shamba la North Lochinver liliuzwa kwa kampuni ya kigeni, kampuni ikafilisika, na wafilisi wakataka kulikata vipande vya kuuza. Wakulima wa krofti waliunda chama, wakachangisha fedha, na mwaka 1993 wakalinunua kwa pauni 300,000. Walikuwa wapangaji kwa vizazi. Sasa walikuwa wenye ardhi.

Kisiwa cha Eigg kilifuata. Wakazi wake walikuwa kama 60, na wengi wao hawakuwa na mkataba wa kupanga wenye uhakika. Asiye na mkataba hatengenezi paa, kwa sababu hajui kama mwakani atakuwa chini ya paa hilo. Kisiwa kilipita kutoka kwa tajiri mmoja hadi mwingine bila wakazi kuulizwa. Tarehe 12 Juni 1997 walikinunua kwa pauni milioni 1.5, fedha zilizotokana zaidi na michango ya watu wa kawaida na mfadhili mmoja ambaye hakutaka jina lake litajwe. Kinamilikiwa na taasisi inayounganisha wakazi, halmashauri ya eneo na shirika la kuhifadhi wanyamapori.

Mambo hayo yote yalifanyika bila sheria yoyote ya kuwasaidia. Mwenye ardhi alipokataa kuuza, au alipomuuzia mwingine kimyakimya, wakazi hawakuwa na la kufanya.

Sheria ya mwaka 2003

Donald Dewar, Waziri wa Kwanza wa kwanza wa Uskoti, alikuwa ameahidi mabadiliko ya ardhi kabla hata bunge halijakutana. Mwaka 2000 bunge lilifuta ukabaila, na sheria hiyo ikaanza kutumika Novemba 2004. Dewar alifariki Oktoba 2000, lakini mswada wa pili uliendelea.

Mswada wa mageuzi ya ardhi ulikuwa na sehemu tatu zilizogusa watu kwa namna tofauti. Ya kwanza iliwapa watu wote haki ya kutembea kwa heshima juu ya ardhi na maji. Ya pili iliipa jamii ya vijijini haki ya kuwa mnunuzi wa kwanza pale mwenye ardhi anapoamua kuuza. Ya tatu ilikwenda mbali zaidi: jamii ya wakulima wa krofti inaweza kununua hata kama mwenye ardhi hataki kuuza, mradi serikali ikubali kwamba ni kwa faida ya umma.

Sehemu hiyo ya tatu ndiyo iliyowasha moto. Wahafidhina waliupinga mswada, na wapinzani wengine wakaulinganisha na kutwaliwa kwa mashamba nchini Zimbabwe kulikokuwa kukiendelea miaka hiyohiyo. Ulinganisho huo haukuwa wa haki, kwa kuwa jamii za Uskoti zilitakiwa kulipa bei kamili ya soko na kila hatua ingeweza kupelekwa mahakamani. Mswada ulipitishwa tarehe 23 Januari 2003, siku ya Alhamisi, bunge likiwa bado katika ukumbi wa kanisa.

Mahakama zilipata nafasi ya kuupima. Wakulima wa krofti wa shamba la Pairc katika kisiwa cha Lewis waliomba kulinunua bila ridhaa ya mmiliki. Kesi ilifika mahakama ya juu ya madai ya Uskoti, ambayo mwaka 2012 ilisema sheria haivunji haki ya mali inayolindwa na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Hatimaye mmiliki na wakazi walikubaliana, na ardhi ikakabidhiwa Desemba 2015, zaidi ya miaka kumi tangu safari hiyo kuanza.

Jinsi jamii inavyonunua

Wakazi kwanza huunda chombo cha kisheria chenye wanachama wasiopungua kumi, ambacho kinatawaliwa na watu wa eneo lenyewe. Chombo hicho huomba kuandikisha nia yake juu ya ardhi au jengo fulani katika daftari la umma, kikionyesha kwamba angalau asilimia 10 ya wakazi wanaunga mkono. Waziri akikubali, nia hiyo hudumu miaka mitano. Katika muda huo mmiliki hawezi kumuuzia mtu mwingine kabla ya kuipa jamii nafasi.

Siku mmiliki anapoamua kuuza, saa huanza kuhesabu. Mthamini huru hupanga bei. Wakazi hupiga kura, na wengi wao wakikubali, na waziri akiridhia, jamii huwa na miezi minane kukamilisha malipo. Fedha hutoka mara nyingi katika Mfuko wa Ardhi wa Uskoti, ulioanzishwa mwaka 2001 na kufufuliwa mwaka 2012, pamoja na michango ya wakazi wenyewe. Kwa kijiji chenye watu mia moja ambao wote wana kazi nyingine, miezi minane ni michache. Mara nyingi jamii na mmiliki hupatana nje ya utaratibu huu, na sheria hukaa pembeni kama ukumbusho.

Miji na majengo

Sheria ya mwanzo haikuwahusu watu wa mijini. Hilo lilirekebishwa na sheria ya kuziwezesha jamii iliyopitishwa tarehe 17 Juni 2015. Tangu Aprili 2016 haki ya kununua inahusu Uskoti yote. Mnufaika wa kwanza wa mjini alikuwa Portobello, mtaa wa ufukweni mjini Edinburgh, ambako wakazi walinunua kanisa lililofungwa la Bellfield mwaka 2017 na kuligeuza kituo cha jamii.

Sheria hiyohiyo ilileta jambo lingine ambalo halikupata vichwa vya habari lakini linatumika zaidi mijini: jamii inaweza kuiomba halmashauri, polisi au taasisi ya afya iikabidhi jengo au uwanja, kwa kununua, kupanga au kutumia. Taasisi lazima ijibu, na ikikataa itoe sababu za msingi. Kabla ya hapo ukumbi wa kijiji ungeweza kufungwa kwa barua moja. Kuanzia mwaka 2018 jamii inaweza pia kuomba kununua ardhi iliyotelekezwa au inayodhuru mazingira ya watu, hata kama mmiliki hauzi.

Matokeo

Eigg, ambacho wengi walitabiri kingeshindwa, kilizindua mtandao wake wa umeme Februari 2008 kwa nguvu za maji, upepo na jua. Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5 ili umeme utoshe wote. Kabla yake kila nyumba iliendesha jenereta yake. Idadi ya wakazi imepita 100.

Gigha kilinunuliwa mwaka 2002 kwa takriban pauni milioni 4. Watu, waliokuwa wamebaki chini ya 100, waliongezeka, nyumba zikakarabatiwa na mitambo mitatu ya upepo ikaanza kuleta mapato. Lakini miaka kumi baadaye kisiwa kilikuwa na deni la zaidi ya pauni milioni 2, na wakazi waligombana juu ya matumizi. South Uist, ununuzi mkubwa kuliko wote kwa eneo, ulikamilika Novemba 2006 kwa pauni milioni 4.5 na kuhusisha ekari 93,000. Ulva kilinunuliwa mwaka 2018 kwa pauni milioni 4.65, wakati kilikuwa na wakazi wasiozidi sita. Karne ya 19 kilikuwa na mamia. Wakosoaji waliuliza kama ni haki kutumia fedha nyingi za umma kwa watu wachache kiasi hicho. Waungaji mkono walijibu kwamba uchache huo ndio tatizo lililohitaji kutibiwa.

Mwaka 2013 serikali ilitangaza lengo la ekari milioni moja chini ya jamii ifikapo 2020. Lengo halikufikiwa: ardhi ya jamii imebaki chini ya asilimia 3 ya nchi. Bei ya ardhi imepanda, hasa baada ya makampuni kuanza kununua milima ili kupanda miti na kuhifadhi kaboni, na jamii inayolipa bei ya soko hupanda nayo. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Tume ya Ardhi ya Uskoti, na mwaka 2025 bunge lilipitisha nyingine inayolenga mashamba ya zaidi ya hekta 1,000. Inawataka wamiliki kueleza mipango yao hadharani, na kuwezesha serikali kuagiza shamba ligawanywe kabla ya kuuzwa.

Ulinganisho

England ina sheria ya mwaka 2011 inayoruhusu wakazi kuandikisha baa, duka au uwanja kama mali yenye thamani kwa jamii. Mmiliki akitaka kuuza, wakazi wanaweza kupata miezi sita ya kujiandaa, lakini halazimiki kuwauzia. Huko Welisi vifungu hivyo havikuanza kutumika, ingawa bunge la huko limejadili suala hilo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki tofauti kubwa iko kwenye mwanzo wa haki yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 huanza na jamii ambayo tayari iko juu ya ardhi kwa mila au kwa utawala wa kijiji, na kazi ya sheria ni kuitambua na kuilinda. Uskoti huanza na hati ya mtu mwingine. Wakazi wanaweza kuwa wameishi mahali kwa miaka 300, na bado lazima wamlipe mwenye hati hiyo.